Chujio Lililosafishwa Mno

Nyumba ya ghorofa, ngazi za nyuma,
mlango wenye kengele mbovu.
Jumapili mchana, mvua haijakatika.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni kama ilivyo desturi yako, maana ni ndefu na mguu wako naujua. Unaendeleaje huo mguu? Ulituandikia kwamba umepona kabisa na unapanda ngazi kama msichana. Nimefurahi. Ila usinikasirikie nikikwambia kwamba siku hizi nikiambiwa kitu kimepona, naomba kwanza nikione kikitembea.

Huku sisi ni wazima. Bwana Mkubwa ananyonya kama anayelipwa mshahara, na kile kifua chake kilichokuwa kikikoroma kimetulia. Ila daktari amekaza uzi: asivalishwe nguo yenye unyevu, hata kidogo. Dada yake, Chiriku, ameng'oka jino la mbele na sasa maneno yanamtoka kwa mluzi. Ulidhani angepunguza kuongea? Ameongeza. Mpwa wako, baba yao, bado anaendesha gari la wagonjwa kwa zamu, na akifika nyumbani anajiegesha kwenye kochi kama gari lililozimwa injini.

Mimi nimechoka, sitakuficha. Nikikaa nasinzia, nikisimama nasinzia. Majuzi nilimtilia mpwa wako chumvi kwenye chai badala ya sukari, naye akainywa yote, akarudisha kikombe, akasema ahsante. Hilo nalo nikalitilia shaka. Mwanamume anayekunywa chai ya chumvi bila kulalamika ana jambo moyoni.

Sasa kuhusu Wifi. Barua iliyopita nilikuomba uje umchukue kabla sijarudi kazini kule kwenye kiwanda cha mikate, kwa sababu siwezi kumwachia mtoto mchanga mtu ninayemshuku. Ukanijibu utakuja mwisho wa mwezi. Kabla hujakata tiketi, soma hii mpaka mwisho. Na usiruke. Nakujua, unaanza kusoma barua kwenye salamu za chini ili uone kama umetajwa. Umetajwa. Sasa rudi juu.

Mambo yote yalianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo. Unaikumbuka, ile aliyoinunua mpwa wako kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa anahama. Mwenye nyumba amekataza kuanika nguo kwenye roshani, anasema zinaharibu sura ya jengo, kana kwamba jengo lenyewe lina sura. Na ukianika ndani kwa mvua hizi, nguo inaota ukungu kabla haijakauka. Kwa hiyo ile mashine ndiyo pafu la tatu la Bwana Mkubwa. Ikigoma, mtoto hana cha kuvaa.

Iko kwenye kile chumba kidogo cha kufulia, imebanwa kati ya ndoo na ubao wa kupigia pasi. Maji yanayotoka kwenye nguo yanajikusanya kwenye chombo chake cha plastiki, tunamwaga. Pale mlangoni pana chujio, wavu mwembamba ndani ya fremu, unaodaka yale manyoya laini yanayochunika nguo zikizunguka. Mashine ikikasirika inalia, inasimama, na kwenye kioo chake inaandika herufi E na namba.

Namba zake nimezizoea kama vilio vya wanangu. E1, chombo cha maji kimejaa. E2, mlango haujafunga, na hapo tafuta mguu wa mwanasesere wa Chiriku. Hizo si kesi. Iliyonitoa jasho ni E5.

Kitabu cha maelekezo kinasema E5 maana yake hewa haipiti, safisha chujio. Haya. Nikalichomoa, mtoto kwapani, mkono wenyewe umelowa maji ya nguo nilizotoka kuzikamua. Safi. Na si usafi wa kawaida, Shangazi, usafi wa kutia mashaka. Lilikuwa linameta kama sahani iliyoandaliwa mgeni. Nikalirudisha, nikawasha tena. E5. Mashine inasema chujio limeziba, mimi naliona linang'aa. Mmoja wetu alikuwa mwongo.

Kesho yake ikafanya kazi kama si yenyewe. Ikaenda hivyo siku kadhaa, nikaanza kusahau. Halafu E5 tena, na chujio linang'aa tena.

Wewe ndiye uliyemlea Wifi, wewe unavijua vyombo vyake. Kikombe chake cha chai kinaweza kukaa dirishani mpaka kiote ndevu. Sasa mtu huyohuyo, chujio la mashine analisugua bila kutumwa? Na alikuwa ananiwahi kusema. Mimi sijafungua mdomo, yeye: "Chujio nimeshalisafisha, wifi."

"Sijakuuliza, wifi."

"Nakwambia tu."

Mtu anayejibu kabla ya swali, swali analo yeye.

Nikaanza kumtazama. Nikaona kila nikitoka anaingia chumba cha kufulia na kufunga mlango, chumba ambacho hata mimi nisiye na mwili nikiingia inabidi niiombe radhi ndoo. Nikaona ule mkoba wake wa zipu hauachi. Anaukalisha kitandani, anaulaza upande wa ukutani, na Chiriku akiusogelea anamwondoa kwa upole lakini anamwondoa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huyu amekuja na nguo zake kwenye mkoba.

Lililoniuma zaidi ni mtoto. Kumshika anamshika, tena vizuri, shingo anaijua kuikinga. Lakini lazima atandike kitambaa katikati. Busu hajampa hata moja. Kabla ya kumshika ananawa, nikasema sawa, ni usafi. Lakini baada ya kumshika pia ananawa. Ananawa mpaka viwiko, na sabuni, kama mtu aliyetoka kushika samaki. Shangazi, mtoto wangu ana nini cha kunawiwa?

Na wake je? Tuliambiwa kwamba ndoa ilipovunjika mtoto wake alibaki kwa baba yake. Nilikuwa namuuliza, kwa nia njema mwanzoni: "Mwanao hajambo huko?" Anasema hajambo, kisha anainuka kwenda kumwaga maji ya mashine, hata kama chombo ni kitupu. Simu hapigi. Picha haonyeshi. Nilikuandikia haya, na maneno niliyoyatumia unayo mbele yako: mama gani huyu asiyemtafuta mwanawe? Nikaja kumwuliza na yeye usoni, tena mbele ya Chiriku. Akaanza kukunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa. Nikaona nimempata.

Tukamwita fundi. Jengo zima linamwita Fundi Kesho, na siku aliyokuja ilikuwa kesho ya kesho zake zote. Wifi alikuwa anashinda nje tangu jana yake, alikwenda kutafuta kibarua. Fundi akawasha mashine, nayo ikazunguka bila kukohoa. Akaitazama kama mtu aliyenyimwa.

"Mama, hii bodi imekufa," akasema.

"Imekufa na inazunguka?"

"Ndiyo zinavyokufa hizi. Nipe niende nayo."

Hajafungua hata skrubu moja ameshajua maiti iko wapi. Nikamuuliza kama yeye ni fundi au mganga. Akacheka, akasema mashine yangu ni nzima ila nyumba yangu ndiyo yenye E5. Alisema kwa utani, lakini Shangazi, lile neno lilibaki kwenye sikio langu kama maji ya kuogelea. Kwa nini mashine inapona Wifi akiwa hayupo?

Kisha nikaona manyoya. Nilikuwa napangusa mpira wa mlango wa mashine, ule unaozuia joto lisitoke, na ndani ya mkunjo wake kidole changu kikatoka na kitu laini cha rangi ya zambarau. Nikakipeleka dirishani. Zambarau kweli. Nikapekua nguo zote za nyumba hii. Sare za mume wangu ni za kijani. Bwana Mkubwa ana nyeupe na njano, zote za kurithi. Chiriku hana, mimi sina, Wifi sijawahi kumwona nayo. Nani anakausha nguo yake kwa mashine yangu?

Hapo akili ya mtu asiyelala ikafanya kazi yake. Nikamsubiri mpwa wako. Hajavua kiatu cha pili nikamwekea manyoya mezani.

"Hii ni nini?"

"Uchafu."

"Uchafu wa nani?"

Akatazama ile rangi, na mimi nikamtazama yeye. "Mama Chiriku," akasema, "mimi nabeba wagonjwa. Sibebi wanawake."

"Wagonjwa wanawake je?"

"Hao hawana haja ya kukaushiwa nguo."

Ningecheka, lakini niliona kitu usoni mwake. Aliijua ile rangi, Shangazi. Mimi namfahamu anapoona kitu mara ya kwanza, hii haikuwa mara ya kwanza. Nikageuza swali, nikamwambia dada yako ana siri na mashine, na mwanawe hamtafuti, na akimshika mtoto wangu ananawa. Akasema, "Mwache." Neno moja. Akaongeza sauti ya redio. Sasa nilikuwa na watu wawili wanaojua jambo, na mimi ndiye mwenye nyumba.

Ndipo nilipokuandikia ile barua ya kukuomba umchukue. Uelewe hali niliyokuwa nayo nilipoiandika.

Alhamisi nikamwambia Wifi nampeleka Bwana Mkubwa kliniki. Chiriku yuko shule, baba yao yuko zamu. Nikashuka ngazi nikipigisha viatu ili asikie. Dukani chini nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikasimama kumsikiliza muuza duka akinieleza habari za goti lake mpaka nikalijua kuliko langu. Mtoto akalala kifuani. Kisha nikavua viatu, nikapanda.

Mashine ilikuwa imeshanyamaza. Nilisikia maji ya bomba, na sauti ya kusugua, kish, kish. Mlango ulikuwa umerudishwa, haukushika. Nikachungulia. Wifi amesimama kwenye sinki, mkononi ana ule mswaki wa zamani wa Chiriku, anasugua chujio. Manyoya ya zambarau yanakwenda na maji. Begani amelaza kitu cha rangi hiyohiyo, amekilaza kama anavyolazwa mtoto aliyemaliza kunyonya, na shavu amelilalia juu yake. Akalikung'uta chujio mara moja, akalichomeka kwenye mashine likiwa linadondosha maji.

Nikasukuma mlango.

"Kumbe ni wewe!"

Alishtuka, lakini kile kitu hakukiangusha. Mimi hata sikukitazama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chujio, nikalichomoa, safari hii mkono wangu ni mkavu. Limelowa. Kila tundu la wavu limezibwa na kijitone cha maji. Nikaliweka mdomoni nikapuliza, na pumzi yangu yote ikanirudia usoni. Hewa haipiti. Mashine haikuwa imesema uongo hata siku moja. Mtu anasugua chujio apoteze ushahidi, analirudisha bichi, mimi nakuja nyuma yake na nguo za mtoto, inagoma. Likishinda usiku kucha linakauka lenyewe, kesho mashine ni nzima. Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Chujio lilikuwa limepumzika.

Nilijiona mpelelezi mkubwa. Nikamgeukia na ushindi wangu mkononi.

"Na hilo la zambarau ni la nani?"

"Ni blanketi, wifi."

"Naona ni blanketi. La nani?"

Lilikuwa dogo, Shangazi. Nililiona hapo kwa mara ya kwanza vizuri. Dogo la kumfunika mtoto, pembeni limeshonewa bata wa kitambaa cha njano, jicho moja limetoka.

"La Kidole," akasema. "Mwanangu. Alikuwa halali mpaka ashike kidole changu."

"Si yuko kwa baba yake? Mbona hukumpelekea, na mvua yote hii?"

Najua ulivyofumba macho hapo unaposoma. Mimi sikuwa na la kufumbia. Nilisimama na chujio langu, nimekunja uso, nasubiri jibu.

"Hayuko kwa baba yake, wifi. Mimi na baba yake tulimzika."

Bwana Mkubwa akaamka, akaanza kulia, na sote wawili tukaanza kumtuliza kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Ndivyo tulivyopata cha kufanya.

Alinieleza akiwa amekalia ndoo. Kwamba mtoto aliondoka mimi nikiwa na mimba ya Bwana Mkubwa. Kwamba wewe, Shangazi, uliwakusanya yeye na kaka yake ukawaapisha wasiniambie mpaka mtoto wangu akae mwenyewe. Kwamba ulipomtuma kuja kwetu ulimwambia msiba hauingii kwenye nyumba ya mzazi, achome vyote vya marehemu, asije na hata uzi. Alichoma vyote. Hili blanketi alilivaa ndani ya nguo siku ya kusafiri.

Lilianza kunuka ukungu ndani ya mkoba, kwa mvua hizi. Kuanika hawezi, nitaliona. Basi akalifua, akalipitisha kwenye mashine. Nikamwuliza, mara ya kwanza naielewa, hizo nyingine zote za nini? Blanketi moja linaloa mara ngapi?

Akalikunja blanketi magotini. Halafu akasema, "Harufu yake ilishaondoka, wifi. Lakini likitoka humu linakuwa na joto, kama nimemtoa ndani yake sasa hivi. Dakika chache tu. Baadaye linapoa."

Nikamwuliza na la kunawa. Nilitaka kulijua, hata kama halikuwa la kuuliza. Anasema kabla ya kumshika mtoto ananawa ili mkosi wake usimguse. Na baada ya kumshika ananawa ili harufu ya mtoto mchanga isiende naye kitandani.

Baba Chiriku alikuta chai mezani, ya sukari. Nikamwambia najua. Akakaa, akavua kofia ya kazi. "Shangazi alikataza," akasema. Nikamwuliza ana umri gani. Akalia, na Chiriku akamletea mwanasesere. Sikumgombeza zaidi. Sasa najua kwa nini alikunywa ile chai ya chumvi. Alikuwa anaona anastahili.

Kwa hiyo Shangazi, nimemshuku Wifi, nimemshuku fundi, nimemshuku mume wangu, hata ile mashine nimeiita mwongo. Wa mwisho kumshuku ni wewe, na wewe ndiye pekee niliyempata na kosa.

Najua ulikuwa unanilinda. Mimba ile ilinisumbua, na wewe ndiye uliyekuwa ukiamka kunikanda mgongo. Sijasahau na sitasahau. Lakini uliponificha hukunilinda mimi peke yangu dhidi ya kilio, ulimwacha yeye alie bila mtu. Na ulinipa kisu ukiniambia ni kijiko. Kila asubuhi nilikuwa namwuliza mwanao hajambo, nikidhani namsalimu. Nilimwambia mbele ya mtoto wangu kwamba si mama. Na wewe ulipoipata barua yangu yenye maneno hayohayo, ukanijibu kwamba utakuja kumchukua. Hukunijibu kwamba nimekosea. Hilo nimelisoma mara nyingi, nikitafuta pa kukutetea.

Nakuomba mambo haya, na ninakuomba kama mtoto wako, lakini siyapunguzi.

Usije kumchukua. Ukija, uje kutembea, na uje na muda wa kukaa.

Mwandikie Wifi barua yake mwenyewe, kwa jina lake juu ya bahasha, na ndani yake mtaje Kidole. Mwambie unachomkumbuka. Wewe ulimbeba, mimi sikuwahi kumwona. Nataka kujua alicheka na nini.

Lile neno la kuchoma vitu, liondoe kwa mkono wako mwenyewe. Mimi siwezi kuliondoa, si mimi niliyeliweka. Na jambo lolote la nyumba hii, liwe zito vipi, mimi niambiwe. Nimezaa mara mbili, mgongo wangu unabeba.

Nilimwomba Wifi radhi, tena mbele ya Chiriku, kwa kuwa mbele yake ndiko nilikomkosea. Nikamwomba pia abaki na Bwana Mkubwa nitakaporudi kiwandani. Hakukubali. Alisema anaogopa, akasema labda ni afadhali aje kwako kweli. Nikamwambia afikiri, simsukumi. Lakini zamu yangu ya kwanza imeshapangwa, na moyoni nilikuwa sina mtu mwingine wa kumwachia mtoto, na sikumtaka mwingine.

Jana tulikuwa na nguo nyingi. Nikamwambia alete blanketi, liingie pamoja na za mtoto. Alinitazama sana kabla ya kwenda kulichukua. Mashine ikazunguka mpaka mwisho, haikuandika kitu. Nilipochomoa chujio, manyoya yalikuwa yameshikamana kama kitambaa kizito, meupe na ya zambarau, huwezi kuyatenganisha. Wifi akanyoosha mkono kufungua bomba.

"Hapana maji, wifi," nikamwambia. "Kwa mkono."

Akayakwangua kwa kidole, yakatoka yote kwa pamoja, akayaviringa yakawa kitufe. Chiriku akakiomba kiwe mto wa mwanasesere. Wifi akampa.

Kisha akamchukua Bwana Mkubwa mikononi mwangu, bila kitambaa katikati, akamvalisha fulana ikiwa bado na joto. Mtoto akamdaka kidole, unajua wanavyodaka chochote. Wifi alisimama hivyo mpaka fulana ikapoa. Mimi nilikuwa natazama sinki, Shangazi, sitakuficha, bado nina macho yale ya kupeleleza. Alinirudishia mtoto, akaenda kukunja nguo. Hakunawa.

Leo asubuhi ameniuliza zamu yangu inaanza siku gani, ili aache ile habari ya kibarua.

Nisalimie Mjomba, mwambie redio yake bado tunayo na bado inakwaruza. Wasalimie binamu wote wa nyumba kubwa, na yule mke wa mdogo wako aliyejifungua: kama kuna jambo mmemficha, mwambieni. Jirani yako fundi cherehani mwambie Bwana Mkubwa amejaa kwenye yale mashati, ashone mengine marefu kidogo. Chiriku anakuandikia hapa chini mwenyewe, usijali herufi zikiwa zimelala, amesema zimechoka.

Mungu akupe usingizi mzuri na nyumba kavu. Na mguu ukiuma, uandike kwamba unauma. Hatutaacha kukupenda kwa sababu ya mguu.

Wako akupendaye, anayekusubiri mlangoni,
Mama Chiriku